Sebene bila atalaku: albamu za roki zilizonishika mwaka 2024

Bukavu – Kila Desemba, wapenzi wa muziki sehemu nyingi za dunia huandika orodha ya albamu walizozipenda mwaka mzima. Kwetu zoezi hilo hufanyika kwa mdomo, mbele ya ligablo au ndani ya teksi, na mara nyingi huishia kwenye ubishi wa Fally Ipupa na Ferre Gola. Sina neno na ubishi huo, nami nina upande wangu. Lakini mwaka huu unaomalizika masikio yangu yalikaa sana kwingine: kwenye magitaa ya roki, na hasa roki ya wale wanaoitwa indie, yaani wanamuziki wanaojitegemea.

Najua wengi watauliza: roki, hapa Bukavu? Mwenzangu mmoja wa chumba cha habari huiita muziki wa watu wenye hasira na wenye umeme wa saa 24. Nilicheka, lakini sikukubali. Ukizoea zile kelele za juu, chini yake utakuta kitu tunachokifahamu vizuri kabisa: gitaa la solo, gitaa la kusindikiza, besi, ngoma, na mtu mwenye jambo la kusema.

Jina hilo la indie halikuanza kama mtindo wa kupiga muziki. Lilianza kama swali la pesa. Kati ya mwisho wa mwaka 1976 na mwanzo wa 1977, vijana wa kundi la Buzzcocks la mji wa Manchester, Uingereza, walikopa pauni 500 kwa ndugu na marafiki, wakarekodi nyimbo 4, wakachapisha sahani 1,000 wao wenyewe bila kusubiri kampuni kubwa ya London iwaite. Sahani hiyo, Spiral Scratch, iliuzwa ikaisha, na vijana wengine wakaona kumbe inawezekana. Kujitegemea kukawa na maana hiyo: mwenye wimbo ndiye mwenye uamuzi, hata kama mfuko wake ni mdogo.

Mkongomani anayesoma haya tayari amefikiria mabanga. Tumeyazoea: wimbo unaanza vizuri, sauti inapanda, mapenzi yanaelezwa, halafu ghafla linaitwa jina la mbunge, la mfanyabiashara wa Dubai, la mheshimiwa fulani pamoja na mke wake. Siwalaumu wanamuziki wetu. Mahali ambapo albamu inakopiwa siku ileile inapotoka, na haki za mtunzi hazimfikii mtunzi, aliye tayari kulipa ndiye anayeitwa jina. Lakini baada ya miaka mingi ya kusikiliza hivyo, nimejikuta nikiuliza kila wimbo swali moja: nani amelipa? Albamu ninazozitaja hapa ndizo zilizonijibu vizuri zaidi mwaka huu. Sizipangi kwa namba, ila ya kwanza ni ya kwanza kweli.

Fundi wa Arlit

Funeral for Justice ya Mdou Moctar ilitoka tarehe 3 Mei kupitia Matador, lebo ya kujitegemea ya New York. Jina lake maana yake ni mazishi ya haki. Hakuna albamu niliyoirudia mwaka huu kama hii.

Mdou Moctar, ambaye jina lake halisi ni Mahamadou Souleymane, ni Mtuareg wa Niger. Alikulia Arlit, mji wa jangwani ambako Wafaransa walichimba uranium kwa miongo mingi. Pesa za kununua gitaa hazikuwepo, na nyumbani hawakutaka kabisa aingie kwenye muziki. Akachonga gitaa lake mwenyewe kwa mbao, akalifunga nyaya za breki za baiskeli. Hadi leo anapiga kwa mkono wa kushoto, na anapiga kwa haraka ambayo mara ya kwanza nilidhani simu yangu ina kasoro.

Kwa sisi tuliolelewa na sebene, njia rahisi ya kumwingia ni hii. Chukua ile sehemu ya wimbo ambapo mwimbaji ananyamaza na magitaa yanachukua uwanja. Iongeze mwendo, iongeze moto wa spika iliyokaribia kupasuka, kisha mwondoe atalaku. Hakuna anayekuamuru ucheze, hakuna jina la tajiri linaloitwa. Gitaa linabaki peke yake na hasira yake.

Na hasira yenyewe ina anwani. Wimbo uliobeba jina la albamu unawageukia viongozi wa Afrika na kuwauliza watazinduka lini wakati nchi zao zinaporwa. Mwingine, Oh France, haufichi kitu hata kwenye jina. Lakini uliokaa nami zaidi ni Imouhar, ambamo anawasihi Watuareg wenzake wasiache lugha yao ya Kitamasheki ipotee. Sijui neno moja la lugha hiyo. Hata hivyo nilipousikiliza nilifikiria watoto wa hapa mjini wanaosikia Mashi kwa bibi zao tu, wakati wa likizo, kama kitu cha kuchekesha.

Bendi iliirekodi albamu hii kwa siku 5, ndani ya nyumba karibu tupu, isiyo na samani, katika jimbo la New York, baada ya miaka miwili ya kuzunguka na maonyesho. Inasikika hivyo. Hakuna kilichopigwa msasa. Ngoma za Souleymane Ibrahim zinakimbia mbele, gitaa la Ahmoudou Madassane linashikilia katikati kama nguzo ya nyumba, na Mikey Coltun, Mmarekani anayepiga besi na kuitayarisha albamu, ana akili ya kutowazuia.

Kisha kuna yaliyowapata. Julai 2023, wakiwa ziarani Marekani, wanajeshi walimpindua Rais Mohamed Bazoum kule Niamey. Mipaka ikafungwa, na wanamuziki hao wakajikuta wamekwama mbali na familia zao. Mashabiki walichanga pesa kupitia intaneti ili waweze kuishi. Anayeishi Kivu hahitaji maelezo marefu kuhusu mtu aliyetoka nyumbani kwa kazi ya wiki chache, akakuta njia ya kurudi imefungwa.

Jambo jingine linalomfanya awe ndugu yetu ni namna muziki wake ulivyotoka. Albamu yake ya kwanza, Anar, aliirekodi Sokoto, Nigeria, mwaka 2008. Ilisafiri jangwani kutoka simu hadi simu, kwa kadi za kumbukumbu na Bluetooth, mpaka ikamfikia Mmarekani Christopher Kirkley, mwenye lebo ya Sahel Sounds, aliyekuwa akikusanya nyimbo zilizokuwa ndani ya simu za watu wa Sahara. Mkusanyo wake, Music from Saharan Cellphones, ndio uliofikisha wimbo wa Mdou nje ya jangwa. Baadaye hao wawili walitengeneza hata filamu, mwaka 2015, iliyofuata ile ya Prince iitwayo Purple Rain, lakini ikichezwa Agadez. Kwa kuwa Kitamasheki hakina neno la rangi ya zambarau, jina la filamu likawa mvua ya rangi ya buluu yenye wekundu kidogo ndani yake. Mtafsiri yeyote wa Kiswahili atamwelewa.

Niruhusiwe kutoka pembeni kidogo. Mwaka 1952, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta Jadotville, Likasi ya leo, kijana anayeitwa Jean-Bosco Mwenda akipiga gitaa kavu. Wimbo wake Masanga uliwafundisha kazi wapiga gitaa wengi wa Afrika Mashariki na hata wazungu wa ng'ambo, na mwaka 1969 alialikwa kupiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Likasi iko karibu sana na Shinkolobwe, mgodi uliotoa uranium ya bomu la Hiroshima. Kila nikimsikiliza huyu wa Arlit, namfikiria yule wa Likasi. Miji miwili ya uranium. Vilivyochimbwa viliondoka kwa magunia na mapipa, na kila mji ukabaki na mpiga gitaa.

Wanaotaka Niger bila hasira nyingi watafute 100% Sahara Guitar ya Etran de L'Aïr, iliyotoka Septemba. Hao ni ndugu wa familia moja wa Agadez, wanapiga kwenye harusi tangu mwaka 1995, na mtu aliyezoea kupiga harusi hajui kuchosha watu. Niliiweka jikoni siku ya Jumapili na hakuna aliyeomba niibadilishe, jambo ambalo nyumbani kwangu ni tuzo.

Usiku wa Kinshasa

BUTU ya kundi la KOKOKO! ilitoka Julai kupitia Transgressive, lebo ya kujitegemea ya London. Wapenzi wakali wa roki watanilaumu kwa kuiweka hapa, maana inaendeshwa na mashine na midundo kuliko magitaa. Wanilaumu. Roho ni ileile ya wale vijana wa Manchester: tumia ulichonacho.

Kundi hili lilijulikana kwa vyombo vilivyoundwa kwa makopo, chupa na vyuma chakavu vya Kinshasa, na albamu ya kwanza, Fongola, mwaka 2019, ilitegemea sana vyombo hivyo. Butu, kwa Lingala, ni usiku. Mtayarishaji Débruit, Mfaransa, ameujaza usiku huo sauti za mji wenyewe, na Makara Bianko anaimba juu yake kama mtu anayetaka kusikika ng'ambo ya barabara yenye jenereta kumi. Wimbo Mokili unanifanya nitembee haraka hata nikiwa sina ninakokwenda.

Nitasema ukweli: nusu ya pili inachosha kidogo, midundo inafanana. Lakini kinachonifurahisha ni kuona kundi la Kinshasa, mji ambao ndio mama wa mabanga, likifanya albamu nzima ambayo shujaa wake ni mji na watu wake. Na ni jambo la kuumiza kidogo kwamba KOKOKO! wanajulikana zaidi kwenye matamasha ya Ulaya kuliko kwenye redio zetu za Kivu.

Saa mbili za Cindy Lee

Sasa twende Canada, kwenye albamu iliyonigharimu mega nyingi kuliko zote.

Cindy Lee ni jina la jukwaani la Patrick Flegel, ambaye zamani aliongoza kundi la Women la Calgary. Jukwaani huvaa gauni na wigi, na sauti inapanda juu kama ya waimbaji wa kike wa miaka ya 1960. Tarehe 29 Machi, bila mbwembwe yoyote, aliachia Diamond Jubilee: nyimbo 32, zaidi ya saa 2. Wakati huo haikuwekwa Spotify wala kwenye huduma nyingine kubwa za kusikiliza. Ilipatikana kwa njia mbili tu: video moja ndefu ya YouTube, au faili za kupakua kwenye tovuti yenye sura ya intaneti ya miaka ya 1990, pamoja na ombi la kuchangia dola 30 za Canada kwa anayeweza. Wiki chache baadaye gazeti la mtandaoni la Pitchfork liliipa alama 9.1 juu ya 10, na kitu kilichotolewa kama siri kikawa mazungumzo ya mwaka.

Mimi nilichagua faili. Sikufikiria kwamba faili za ubora wa juu, kwa saa mbili, ni zaidi ya giga moja. Usiku wa kwanza koneksio ilikatika katikati. Usiku wa pili umeme uliondoka. Usiku wa tatu niliweka simu dirishani, upande ule mtandao unaposhika vizuri, nikalala, na alfajiri nikaikuta imeingia yote. Nilifurahi kama mtu aliyepokea mgeni kutoka meli ya Goma.

Je, ilistahili? Ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Ni muziki unaosikika kama redio ya zamani inayoshika stesheni kwa shida: gitaa tamu, sauti za mbali, nyimbo za mapenzi yaliyokwisha. Katikati kuna nyimbo ambazo ningezipunguza, labda sita, labda nane. Lakini nilipojaribu kuzitoa kwenye simu ili kubakiza nafasi, albamu ilipoteza kitu. Ule urefu ndio unaokufanya usahau saa. Mama zetu walikuwa na kaseti ambazo hazikuwa na kitufe cha kuruka wimbo. Ulisubiri, na wakati mwingine wimbo uliosubiri upite ndio uliokuja kuupenda.

Tena kuna ule msimamo. Msanii huyu angeweza kupokea simu za kampuni zote baada ya sifa zile. Badala yake alikatisha ziara ya maonyesho. Sisemi kila mtu afanye hivyo, mwenye watoto wa kusomesha atafanya hesabu nyingine. Lakini kwenye swali langu la nani amelipa, hapa jibu ni fupi: aliyesikiliza, akipenda.

Kulipwa kama fundi wa mabomba

Mwezi Mei roki ya kujitegemea ilifiwa. Tarehe 7 Mei, Steve Albini alikufa mjini Chicago kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 61. Siku 10 baadaye ikatoka albamu ya bendi yake Shellac, To All Trains, ambayo ilikuwa imekwisha kupangwa. Inachukua kama dakika 28 tu, kavu, kali, yenye utani mweusi. Ni vigumu kuisikiliza bila kukumbuka kwamba mwenye sauti hayupo.

Kwa wasiomjua, Albini ndiye aliyerekodi In Utero ya Nirvana mwaka 1993. Desturi ya biashara ni kwamba mtayarishaji mkubwa apate asilimia ya kila sahani inayouzwa. Albini alikataa. Aliwaandikia Nirvana kwamba anataka alipwe kama fundi wa mabomba: afanye kazi, apewe malipo yake, aende zake, kwa sababu muziki ni wa bendi. Albamu iliuzwa kwa mamilioni, naye hakurudi kudai. Kwenye studio yake, Electrical Audio, alirekodi bendi zisizojulikana kwa bei ya kuvumilika hadi mwisho.

Novemba, Kim Deal, aliyewahi kupiga besi katika Pixies na kuongoza The Breeders, alitoa Nobody Loves You More, albamu ya kwanza kwa jina lake peke yake, akiwa na miaka 63. Baadhi ya nyimbo alizirekodi na rafiki yake huyo Albini. Kuna ndani yake huzuni ya mtoto aliyeuguza wazazi wake, lakini inaimbwa kwa tabasamu. Kama una dakika 35 na chai, ianze usiku.

Mafuriko ya Asheville

Kijana aliyeandikwa sana mwaka huu ni MJ Lenderman wa Asheville, mji mdogo wa milimani katika jimbo la North Carolina. Aliwahi kufanya kazi kwenye duka la kuuza aiskrimu, na pia amepiga gitaa kwenye bendi ya Wednesday. Manning Fireworks, iliyotoka tarehe 6 Septemba, ina nyimbo 9 kuhusu wanaume wanaoharibu mambo yao wenyewe: mlevi asiyekiri, mume aliyeachwa anayejifanya hana habari. Sauti yake ni ya uvivu, kama mtu anayeongea akiwa ameegemea mlango. Vichekesho vingine ni vya Marekani sana na vilinipita, lakini wanaume hao wapo hata hapa, nendeni tu bar yoyote siku ya mwisho wa mwezi.

Wiki tatu baada ya albamu hiyo kutoka, kimbunga Helene kilipita. Mito ya Asheville ilifurika, nyumba na barabara zikaenda na maji, na watu zaidi ya 200 walikufa katika majimbo ya kusini mashariki mwa Marekani. Mwezi Oktoba wanamuziki wa eneo hilo na marafiki zao walikusanya nyimbo zaidi ya 130 ambazo hazikuwa zimetolewa, wakaziweka pamoja kwenye Bandcamp kwa jina Cardinals at the Window, na mapato yote yakaenda kwa mashirika yaliyokuwa yakisaidia waathirika wa North Carolina. Lenderman alitoa wimbo. Hakukuwa na kikao cha wizara wala mgeni rasmi.

Nilisoma habari hiyo nikiwa na Kalehe akilini. Mei 2023 mvua ilifagia Bushushu na Nyamukubi, tukazika watu zaidi ya 400. Nilifika huko kwa kazi. Nakumbuka makanisa yakichanga, nakumbuka wanafunzi wakibeba nguo. Wanamuziki wetu nao waliguswa, bila shaka, lakini wimbo mmoja wa kuuza kwa ajili ya Nyamukubi ungeuzwa wapi, na pesa zingepitia wapi? Wenzetu wa Asheville hawatuzidi moyo. Wanatuzidi bomba la kupitishia pesa kutoka kwa msikilizaji hadi kwa mwenye shida.

Lenderman huyohuyo anasikika kwenye Tigers Blood ya Waxahatchee, iliyotoka tarehe 22 Machi. Waxahatchee ni Katie Crutchfield wa Alabama, na jina amelichukua kwenye kijito cha nyumbani kwao. Aliacha pombe mwaka 2018, na tangu hapo nyimbo zake zimekuwa za mtu anayeamka asubuhi na kukabili siku. Wimbo Right Back to It, wanaouimba pamoja, unahusu mapenzi ya muda mrefu, yale ya kugombana na kurudiana, na sikumbuki mwingine mwaka huu uliolisema jambo hilo kwa upole namna hiyo. Mke wangu, asiyependa roki hata kidogo, aliuliza jina lake.

Siku hiyohiyo Adrianne Lenker alitoa Bright Future, iliyorekodiwa kwa kanda, bila kompyuta, katika nyumba ya msituni. Wimbo wa kwanza, Real House, unamwelezea mtoto anayemwona mama yake akilia kwa mara ya kwanza, siku mbwa wao alipokufa. Nitaishia hapo. Sikilizeni wenyewe, tena si barabarani.

Nyingine kwa ufupi. Romance ya Fontaines D.C. wa Dublin ilisifiwa kila mahali; kwangu nyimbo tatu zilitosha. This Could Be Texas ya English Teacher, kundi la Leeds, ilipata tuzo ya Mercury mwezi Septemba, ya kwanza kwenda nje ya London katika miaka 10. Ilitoka kupitia Island, lebo iliyo ndani ya kampuni kubwa kabisa, kwa hiyo kwa hesabu ya Manchester ya mwaka 1977 si indie hata kidogo. Lakini mwimbaji wao, Lily Fontaine, aliye na damu mchanganyiko, ana wimbo unaowajibu wale wanaomwona na kudhani lazima anaimba R&B. Nami ninayeulizwa kila wiki kwa nini Mkongomani anasikiliza roki, nilisikia ninatetewa.

Na sisi je, tunalipa?

Hapa lazima nijigeuzie kidole. Nimeuliza kila wimbo nani amelipa, na jibu langu mwenyewe, kwa miezi mingi ya mwaka huu, lilikuwa: si mimi.

Nyimbo hizi nilizipata kwa YouTube, kwa flashi za marafiki, kwa kijana wa Nyawera mwenye kompyuta anayejaza simu kwa franka chache. Nimeshampa flashi yangu naye akakopi, na sasa Mdou Moctar yumo kwenye folda moja na nyimbo za injili na Werrason. Nilifurahi. Ndivyo alivyojulikana hata kwao, nilijiambia. Lakini Mdou wa mwaka 2008 hakuwa na njia nyingine, na wa 2024 ana bendi ya kulisha.

Huduma za kusikiliza zenyewe hazijarahisisha. Mwaka huu Spotify imeanza kutolipa chochote kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Kwa nyota wa Kinshasa hilo si kitu. Kwa mpiga gitaa wa Uvira au Kindu anayeweka wimbo wake wa kwanza, ni ukuta mlangoni. Bandcamp ni afadhali, inachukua asilimia 15 ya albamu ya kidijitali na nyingi iliyobaki inakwenda kwa msanii, ila inataka kadi ya benki au PayPal. Wangapi kati yetu wanazo? Tuna pesa kwenye simu, tunalipia unga, karo na michango ya msiba kwa simu, lakini albamu hapana.

Mwezi uliopita nilijaribu njia ya kikongomani. Binamu yangu anaishi Canada. Nilimwomba aninunulie Funeral for Justice kwa kadi yake, kisha mimi nikamtumia mama yake, aliye hapa Kadutu, thamani ileile kwa simu. Shangazi aliniuliza hizo pesa ni za nini. Nikamwambia ni za Mniger mmoja anayepiga gitaa kwa mkono wa kushoto. Akanyamaza kidogo, akasema asante, kisha akataka kujua kama Mniger huyo anahitaji kitu kila mwezi.

Dola 30 za Cindy Lee bado ni deni. Nimemwambia binamu asubiri mshahara wa Januari.